Anzia hekaluni: ninavyompangia dada yangu safari ya Thailand

Dada yangu mkubwa amestaafu ualimu mwaka huu. Watoto wake walitaka kumfanyia sherehe. Yeye akasema fedha hizo wampe aende Thailand. Anataka mgongo wake ukandwe na watu wanaoijua kazi hiyo, kisha akae mahali ambapo kwa siku kadhaa hakuna atakayemwita mama, mwalimu wala shangazi. Kwa kuwa mimi nilishafika huko, kazi ya kupanga imeniangukia.

Alikuwa ameshapata tangazo: hoteli ya ufukweni Phuket, masaji kila jioni, yoga jua likizama, juisi za mboga, na bei ambayo mtu angenunulia bajaji. Nililisoma lote nikamwambia, "Dada, tuanzie hekaluni." Masaji ya Kithai na taamuli vililelewa katika mahekalu ya Wabuddha, na huko bado vipo, kwa bei ambayo mwalimu mstaafu anaimudu. Nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa yeyote anayepiga hesabu za safari kama hii.

Mahali pa kwanza ni Wat Pho, Bangkok. Kituo cha treni ya chini ya ardhi cha Sanam Chai kiko karibu, na hekalu hufunguliwa saa mbili asubuhi. Wageni wengi huingia, wakampiga picha Buddha aliyelala, sanamu ya dhahabu yenye urefu wa mita 46, wakatoka. Dada aione, ni haki yake, lakini asiishie hapo. Asogee kwenye mabanda ya wazi yaliyo uani atazame kuta. Atakuta vibao vya mawe vyenye umbo la mwanadamu, mbele na nyuma, na juu ya mwili huo mistari mirefu inayopita kwenye nukta, kila nukta na maelezo ya maradhi yake. Vibao vya ukandaji viko 60.

Kwa nini mawe? Mwaka 1767 jeshi la Burma liliiteketeza Ayutthaya, mji mkuu wa zamani wa Siam, jina la awali la Thailand, na maandishi mengi ya tiba yakapotea pamoja na mji. Katika miaka ya 1830 Mfalme Rama wa Tatu, alipokuwa akilikarabati Wat Pho, aliagiza elimu iliyosalia ya dawa, ukandaji na hata ushairi ichongwe kwenye mawe, iwekwe mahali ambapo yeyote ajuaye kusoma angeisoma bila kumwomba mganga ruhusa. Mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza maandishi hayo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Mwaka 2019 masaji yenyewe, nuad Thai, ikaingia katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

Nilisimama mbele ya mawe yale muda mrefu. Kwetu Tanga wakunga na wakandaji wamezikwa na elimu yao vidoleni, wakiwa wamemrithisha binti mmoja au hawakumrithisha mtu. Mfalme mmoja aliogopa kupoteza mara ya pili, akaandika. Natamani nasi tuogope hivyohivyo.

Uani hapohapo kuna sanamu ndogo za watawa wa msituni, mmoja amejikunja, mwingine amevuta mguu nyuma ya mgongo, mwingine anajibonyeza bega. Ni mazoezi ya mtu kujinyoosha mwenyewe bila mkandaji. Namwambia dada azipige picha hizo badala ya ile ya dhahabu, kwa sababu atakuja kuzitumia nyumbani.

Ndani ya eneo la hekalu kuna sehemu ya kukandwa, inayoendeshwa na shule iliyoanzishwa hapo mwaka 1955. Bei yake iko juu kidogo kuliko ya vichochoroni, ambako saa moja huwa baht 250 hadi 400, yaani kama shilingi elfu ishirini hadi thelathini za Kitanzania. Shule hiyo hufundisha pia wageni. Kozi yao ya msingi ni ya saa 30, humalizika ndani ya siku tano. Ningekuwa na uwezo wa kumpeleka na binti yake, huyo ningemwandikisha siku ya kwanza kabla hata hajanywa chai.

Ambaye hajawahi kukandwa Kithai ajue mapema: hakuna mafuta na hakuna kuvua ukabaki mtupu. Unapewa suruali pana na blauzi ya pamba, unaoshwa miguu, unalala juu ya godoro jembamba sakafuni. Mkandaji huanzia nyayo akapanda taratibu, kwa dole gumba na kiganja, halafu kwa kiwiko, goti, hata unyayo wake. Anaifuata mistari wanayoiita sen. Mapokeo yao yanataja mikuu 10, yote ikianzia karibu na kitovu. Mistari hiyo huioni kwenye eksirei yoyote, na sitaki kumdanganya dada kwamba hospitali zimeithibitisha. Ninalomwambia ni hili: mkandaji mzuri akibonyeza kando ya uti wa mgongo, akasubiri, akaachia polepole, msuli uliokaza kwa miaka ya kuinua mkono ubaoni hulegea, na unausikia unavyolegea. Baadaye huja kunyooshwa. Mguu unavutwa, kiuno kinageuzwa, mgongo unapinduliwa juu ya magoti ya mkandaji, na wewe huna la kufanya ila kupumua. Saa moja haitoshi kwa kazi hiyo. Chukua saa mbili, na siku inayofuata upumzike.

Kuna maneno matatu ya kujifunza kabla ya kupanda ndege. Bao bao, polepole. Nak, kwa nguvu. Jep, inauma. Nayasisitiza kwa sababu dada ni mtu wa kuvumilia, na kuvumilia huku hakuna thawabu. Mwili ukipigana na maumivu msuli hukaza zaidi, na mkandaji asiyeambiwa hudhani mambo ni mazuri.

Baada ya kukandwa kavu, aombe luk prakob. Ni furushi la kitambaa lililojazwa plai, mmea wa jamii ya tangawizi, pamoja na manjano, mchaichai, maganda ya ndimu, majani ya ukwaju na kafuri, likapashwa kwa mvuke na kubonyezwa mwilini likiwa bado na moto. Nilipolisikia harufu yake nilimkumbuka mama yetu akiwakanda wazazi kwa maji ya moto katika arubaini yao. Na Wathai nao walikuwa na desturi yao, yu fai, mama aliyejifungua kuwekwa karibu na moto siku nyingi ili mwili urudi. Dada atayaelewa mambo haya kabla ya kuelezwa.

Sasa upande wa tahadhari, na hapa sina mzaha. Dada ana presha. Kabla ya lolote aonane na daktari wake, amwambie wazi kwamba atakandwa kwa nguvu na kunyooshwa. Presha isiyotulia, ujauzito, upasuaji wa karibuni, mifupa iliyodhoofika, homa, damu iliyowahi kuganda kwenye mishipa: kila moja kati ya hayo ni sababu ya kusubiri au kuacha kabisa. Baada ya ndege ya masaa mengi, mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, usikandwe, nenda hospitali, maana bonge la damu linaweza kusukumwa kuelekea mapafuni. Na shingo isizungushwe kwa kuvunjwa ghafla. Ukiona mikono imeshika kidevu na kisogo, inua mkono ukatae. Mkandaji mwenye adabu hataudhika.

Jambo jingine dada aliniuliza kwa sauti ya chini, kama wanavyouliza wengi. Katika miji yetu neno masaji limeshachafuliwa, mtu mzima anaona haya kulitamka mbele ya wakwe. Thailand nako kuna maduka ya aina hiyo, na kuyatambua si kazi: taa za rangi, vioo vilivyofunikwa, wasichana wanaoita wapita njia. Duka la heshima lina mlango wa kioo kitupu, bei ukutani, leseni kwenye fremu, na wateja wamelala kwa safu wakiwa wamevaa. Mwanamke akitaka mkandaji mwanamke ataje tu anapoweka miadi. Ni ombi la kawaida kabisa. Mimi napenda pia maduka ya wakandaji wasioona. Thailand wamefundishwa ufundi huu kwa miaka mingi na wanaishi kwa mikono yao, na vidole vyao vinapata fundo lilipo kabla hujaeleza.

Kutoka Bangkok atapanda kwenda Chiang Mai, kaskazini. Sitarefusha hapo: mji mdogo zaidi, mahekalu kila kona, shule za masaji tele, na kituo ambacho wanawake wanaokaribia kumaliza kifungo gerezani hufunzwa ukandaji na kupokea wateja, ili wakitoka wawe na kazi. Akandwe hapo angalau mara moja. Msikiti wa Ban Haw uko karibu na soko la usiku, na kando yake chakula cha halali si cha kutafuta. Kitu cha kuangalia ni majira tu. Mwezi wa pili hadi wa nne mashamba na misitu huchomwa, moshi ukaufunika mji hadi mlima wa Doi Suthep usionekane. Kwenda kutafuta afya ukavuta moshi ule ni hasara, kwa hiyo Chiang Mai tutaimaliza Januari.

Halafu kusini, na hapa ndipo moyo wa safari ulipo.

Karibu na mji wa Chaiya, mkoa wa Surat Thani, kuna hekalu la msituni liitwalo Suan Mokkh. Lilianzishwa mwaka 1932 na mtawa Buddhadasa, mzaliwa wa Chaiya, aliyerudi kutoka Bangkok akiwa kijana kwa kuona kwamba masomo ya watawa mjini yalikuwa yamejaa vyeo na sherehe. Alifariki mwaka 1993 na kuacha pia mahali pa mafungo, yaani siku za kujitenga kwa kimya na taamuli, kwa wageni wa nje. Mafungo hayo ni ya siku 10, huanza tarehe 1 ya mwezi, na mtu hufika mwenyewe kujiandikisha siku ya mwisho ya mwezi uliotangulia. Gharama yote, chakula na malazi, haifiki bei ya usiku mmoja katika hoteli kubwa za Bangkok.

Nimemweleza dada kila kitu bila kupamba. Chumba ni kidogo, kitanda ni cha saruji, juu yake mkeka, chandarua, na mto wa gogo. Kengele hulia saa kumi alfajiri. Milo ni miwili, asubuhi na mchana, yote ya mboga. Jioni ni kinywaji tu. Simu hukabidhiwa. Hakuna kusoma, hakuna kuandika, hakuna kuongea, wanawake na wanaume hulala mabweni mbalimbali. Kuoga ni kwenye matangi ya wazi, mtu amejifunga nguo, na hapo ndipo Mzungu anapohangaika kununua kitenge wakati sisi tunakuja na khanga zetu mbili begini. Kuna na chemchemi za maji ya moto ndani ya eneo, za wanawake mbali na za wanaume.

Kinachofanyika kutwa ni kuangalia pumzi. Unakaa, unaifuata ikiingia, unaifuata ikitoka, unatoroka kwenda kwenye deni la mtu na ugomvi wa zamani, unarudi. Kisha unatembea polepole ukiziangalia nyayo. Kisha unakaa tena. Siku za mwanzo ni ngumu kwa mwili, magoti yanawaka, usingizi unakuja kwa mawimbi. Baadaye ugumu unahamia kwingine. Mtu aliyelea watoto, wajukuu na madarasa ya watoto wa wenzake hajawahi kuwa na saa nzima isiyokuwa ya mtu mwingine, na saa hiyo ikija, huzuni zilizokuwa zimewekwa kando zinajitokeza moja baada ya nyingine. Mimi nililia kwa ajili ya mama, miaka baada ya mazishi yake, nikiwa nimekaa mchangani na watu nisiowajua majina. Hakuna aliyenigusa wala kunibembeleza, na nilishukuru kuachwa.

Kwa sababu hiyohiyo, mafungo ya namna hii si ya kila mtu wala ya kila wakati. Mwenye ugonjwa wa akili unaotibiwa, aliyefiwa juzi, mwenye majinamizi ya mambo yaliyompata, azungumze kwanza na daktari na awaambie waendeshaji ukweli. Kimya kirefu kinafungua milango, na siku nyingine ndani ya mlango kuna zaidi ya mtu anavyoweza kubeba peke yake. Nimemwuliza dada waziwazi anavyolala usiku na kama bado anaamka na maumivu ya moyo kwa ajili ya marehemu shemeji. Akasema analala. Nimemwamini, ila nitamwuliza tena.

Na dini? Sisi ni Waislamu, na swali hili halikwepeki. Sikwenda kubadili imani na hakuna aliyenialika kuibadili. Wakiimba sala zao nilikaa kimya. Kengele ya saa kumi ilinikuta macho, nikajitawadhia kwenye tangi na kuswali alfajiri chumbani wakati ulipoingia. Kukaa mbali na watu ili mtu ajikague tunakujua kwa itikafu, Wakristo kwa mafungo yao. Kuangalia pumzi ni zoezi la akili. Mwenye shaka amuulize shehe wake kabla ya kukata tiketi, siyo akiwa tayari ameketi ukumbini. Adabu za mahekaluni ni za kumheshimu mwenyeji: mabega na magoti yafunikwe, viatu nje, nyayo zisielekezwe kwa sanamu ya Buddha, mwanamke asimguse mtawa. Mtu aliyelelewa pwani hapati tabu na hata moja.

Mtu asiyeweza kukaa kimya siku 10 ana njia nyingine. Wat Tam Wua, milimani Mae Hong Son, hupokea wageni kwa sadaka. Unavaa nyeupe, unatembea na watawa asubuhi, na kimya ni hiari. Kwa dada nimeona Suan Mokkh inamfaa zaidi kwa sababu ratiba yake imefungwa. Yeye akiachiwa hiari ataishia jikoni kusaidia.

Basi safari yote tumeipanga kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka tarehe moja: 31 Januari 2026, siku ya kujiandikisha Chaiya. Kabla ya hapo ni Bangkok na Chiang Mai, masaji kila baada ya siku moja au mbili, ili nyonga na mgongo viwe vimeshalainika atakapoanza kukaa sakafuni. Wengi hupanga kinyume, mafungo kwanza na masaji kama zawadi ya mwisho, wakafika kwenye kimya na mwili uliokakamaa kwa ndege, siku zote wakashughulika na magoti. Majira nayo yamekubali: pwani ile ya Ghuba ya Thailand hunyeshewa sana Oktoba hadi Desemba, Februari hukauka. Mafungo yanaisha asubuhi ya tarehe 11, na Ramadhani inatarajiwa karibu tarehe 18, hivyo mfungo utamkuta nyumbani.

Kwenda Chaiya ni kwa treni ya usiku kutoka kituo kikuu cha Krung Thep Aphiwat. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24, lakini Wathai wakiongea, saa moja usiku kwao ni moja na saa mbili ni mbili, kama sisi. Dada amefurahi kuliko nilivyotarajia kulisikia hilo. Akishuka atakutana na mayai ya bata ya chumvi, sifa ya mji ule, na akiwa na nafasi afike Phum Riang, kijiji cha Waislamu wanaofuma hariri tangu zamani.

Siku baada ya mafungo tumeziacha tupu. Hakuna ziara, hakuna soko, hata kukandwa ni kama atapenda. Nilimwomba pia asiwashe simu siku ya kwanza, na watoto wake wameshaambiwa.

Makaratasi ni machache. Mtanzania anahitaji viza, huombwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya serikali ya Thailand, na ubalozi wao wa Nairobi ndio unaohudumia na kwetu. Chanjo ya homa ya manjano lazima, ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri, na kadi yake itembee na pasipoti. Tangu Mei 2025 kuna fomu ya kuingia nchini inayojazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayodai fedha kwa fomu hiyo ifungwe. Dawa za presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na cheti cha daktari.

Dada ameuliza jambo moja tu baada ya kusoma mpango wote: akishindwa katikati ya mafungo, itakuwaje? Nimemjibu kwamba atawaambia waendeshaji, atapewa simu yake, ataondoka kwa heshima, na Phum Riang ipo. Jumatatu anaonana na daktari. Akiruhusiwa, tunakwenda kuchoma chanjo siku hiyohiyo, mimi na yeye, kwa sababu nimeamua kumsindikiza hadi getini Chaiya.